Kabla ya kuuliza kama jaba ni haramu, jiulize imekufanyia nini

Kuna swali ambalo kila kijana Muislamu aliyewahi kukaa base hapa Nairobi amelisikia. Mara nyingi huulizwa usiku, shavu limejaa, Big G mdomoni na njugu kiganjani: "Kwani imeandikwa wapi kwamba jaba ni haramu?"

Mimi nililisikia mara ya kwanza Kawangware, nyuma ya kibanda cha kuuza chipsi, mwezi wa Ramadhani. Tulikuwa watano. Tulikuwa tumefuturu kwa tende na uji, tukaswali Magharibi mbio mbio, kisha tukakaa chini kufungua makaratasi. Aliyeuliza alikuwa mkubwa wetu, tukimwita Bro. Hakuwa anatafuta jibu. Alitaka tu mtu aseme "haijaandikwa popote" ili tuendelee kwa amani. Nikasema mimi. Wakati huo nilikuwa bado chuoni, kwa hivyo neno langu lilionekana lina uzito.

Nikwambie mapema: mimi si sheikh. Madrasa nilitoroka zaidi ya nilivyohudhuria, na chuo niliacha mwaka wa pili. Usitarajie fatwa hapa. Qur'ani yenyewe inaonya dhidi ya watu wanaosema hiki halali, hiki haramu, kutoka kichwani mwao. Lakini nilipoanza kujaribu kuacha, nililitafutia jibu lile swali la Bro kwa dhati, nikasoma, nikauliza wanaojua. Nilichokipata sicho nilichotarajia, na ndicho ninachotaka tukizungumzie.

Tuanze na mahali pasipo na mjadala. Pombe imekatazwa, na hapo hakuna mlango wa nyuma. Ilikatazwa hatua kwa hatua. Katika Al-Baqara watu waliambiwa ina manufaa fulani lakini dhambi yake ni kubwa zaidi. Katika An-Nisaa wakaambiwa wasiikaribie swala wakiwa wamelewa. Katika Al-Maida mlango ukafungwa kabisa. Mtume naye akafundisha kwamba kila kinacholevya kina hukumu ya pombe, na kwamba kitu kikilevya kwa wingi, hata kidogo chake hakifai. Kwa hivyo ile hoja ya "nimechukua moja tu na sijalewa" haifiki mbali. Bangi pia maulamaa wengi mno wameiweka kapu hilo hilo, kwa sababu inaondoa akili, hata kama haitoki kwenye chupa.

Shida inaanza na vitu ambavyo havikuwa vikitumiwa Makka na Madina wakati wa Mtume: kahawa, tumbaku, miraa. Kwa vitu kama hivi, maulamaa wana kanuni mbili wanazoanza nazo. Ya kwanza, asili ya vitu ni ruhusa mpaka ije dalili ya kukataza. Ya pili, usijidhuru wala usimdhuru mwingine. Karibu mjadala wote wa miaka mia tano umekuwa katikati ya kanuni hizi mbili.

Chukua kahawa. Mwaka 1511 kahawa ilipigwa marufuku Makka. Ndiyo, kahawa, hii hii tunayonywea kando ya barabara kwa wazee wa birika pale River Road. Afisa mmoja wa dola ya Wamamluki, Kha'ir Beg, aliwaita maulamaa na matabibu, ikaamuliwa kwamba kahawa ina madhara, na ikachomwa hadharani. Watu walikuwa wanakutana usiku kuinywa, wanapiga soga, na kuna waliodai inalevya kama pombe. Upande wa pili, masufi wa Yemen walikuwa wakiinywa ili wasisinzie kwenye dhikri. Haikuchukua muda, wakubwa wa Cairo wakailegeza ile amri. Mjadala ulirudi tena na tena, lakini hoja iliyoshinda ni nyepesi: anayekunywa kahawa anajua anachosema, anaswali, na anafika nyumbani kwa miguu yake.

Sasa chukua tumbaku. Ilitoka Amerika na kufika nchi za Waislamu mwishoni mwa karne ya 16. Mwaka 1633 Sultani Murad IV wa dola ya Uthmani aliipiga marufuku, na wavutaji waliuawa. Baadaye wakatokea maulamaa wakubwa walioitetea. Abd al-Ghani al-Nabulsi wa Damascus, aliyefariki 1731, aliandika kitabu kizima kusema kwamba haina dalili ya kuharamishwa. Huyo hakuwa mtu mdogo wala mjinga. Ila hakujua tunachojua kuhusu mapafu. Ripoti kubwa za madaktari zilitoka Uingereza mwaka 1962 na Marekani mwaka 1964, na kuanzia hapo maulamaa wengi wakahama kutoka kusema "makuruhu" hadi kusema "haramu". Malaysia ilitoa fatwa ya kuharamisha mwaka 1995. Indonesia, nchi ya wavutaji wengi, baraza la maulamaa lilikaa mwaka 2009 na likagawanyika kati ya makuruhu na haramu, lakini likakubaliana kwamba ni haramu kwa watoto, kwa wajawazito na kuvuta hadharani. Leo Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku huua hadi nusu ya watumiaji wasioiacha.

Umeona kilichotokea? Kahawa ilianza kwa kupigwa marufuku, ikaishia kuruhusiwa. Tumbaku ilikuwa na watetezi, ikaishia kukataliwa na wengi. Jani ni lile lile na kokwa ni ile ile. Kilichobadilika ni yale watu waliyoyajua kuhusu kinachomfanyikia mtumiaji.

Tuje kwa miraa sasa, maana najua ndicho ulichokuwa unangoja.

Karne ya 16, huko Makka, kulikuwa na mwanachuoni anayeitwa Ibn Hajar al-Haytami. Ni mmoja wa nguzo za madhehebu ya Shafii, ambayo Waislamu wengi wa Afrika Mashariki ndiyo tunayofuata. Watu wa Yemen walikuwa wanabishana kuhusu qat, yaani hii miraa yetu, na swali likamfikia. Akakusanya maneno ya waliowahi kuitafuna. Wengine wakasema inawachangamsha na kuwasaidia kwenye ibada. Wengine wakasema inawadhuru. Ushahidi ukagongana. Akaishia kutoitangaza haramu moja kwa moja, lakini akashauri watu waiepuke.

Mpaka leo ubishi haujaisha. Yemen wanaitafuna na maulamaa wengi wa huko hawajaiharamisha. Saudi Arabia imeipiga marufuku, na kongamano la Kiislamu lililofanyika Madina mwaka 1982 liliiweka pamoja na vilevi vilivyokatazwa. Mwaka 2006 Mahakama za Kiislamu zilizotawala Mogadishu ziliipiga marufuku pia. Wote hao wanasoma Qur'ani moja.

Kwa hivyo Bro alikuwa na ukweli nusu. Hakuna aya inayotaja miraa. Lakini angalia Ibn Hajar alifanya nini alipokosa aya: aliwauliza watafunaji, "imekufanyia nini?" Sisi pale base tuliuliza kila kitu isipokuwa hilo.

Basi wacha nijibu mimi, kwa niaba yangu. Maulamaa kama al-Ghazali, aliyefariki 1111, walisema sheria imekuja kulinda vitu vitano: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Nimeshapitia hiyo orodha kama mtu anayekagua nyumba baada ya kuibiwa.

Mali. Muguka wa shilingi 100, Big G za 20, soda ya 60, fegi mbili 40. Hiyo ni 220 kwa siku, na nilikuwa mtafunaji wa kawaida tu. Kwa mwezi ni 6,600. Kwa mwaka ni 79,200. Karo yangu ilikuwa 26,000 kwa muhula, mihula mitatu kwa mwaka: 78,000. Sitalisingizia jani kila kitu. Niliacha chuo kwa sababu kadhaa na nyingine ni uvivu wangu. Lakini hesabu hiyo nimeifanya mara nyingi, na haijawahi kunipa jibu tofauti.

Dini. Tulikuwa tunakesha mpaka daku, tunajipongeza kwamba jaba inatusaidia kufunga. Kisha Alfajiri inaswaliwa kichwa kikiwa kinazunguka, na Adhuhuri inapita tukiwa tumelala. Alasiri nayo unaiamkia jua linazama. Ijumaa nikishuka town kuswali Msikiti wa Jamia nilikuwa nalamba peremende njia nzima ndani ya matatu, nikimwogopa mtu atakayesimama kando yangu kwenye safu. Mtume alimwambia aliyekula vitunguu au vitunguu saumu vibichi asiukaribie msikiti na harufu hiyo. Mimi nilikuwa nabeba fegi tatu.

Akili. Ni kweli jaba haikulevyi kama pombe. Ukiwa kwa handas unajisikia mwerevu kuliko waziri. Unapanga biashara, unapanga ndoa, unajenga nyumba Ngong kwa maneno. Dawa iliyomo kwenye jani bichi, kathinoni, huanza kupungua nguvu mara jani likikatwa, na ndiyo maana yale magari ya kutoka Meru na Embu hukimbia vile unavyoyaona. Na hata mwilini mwako haikai. Ikishuka, zile biashara zote zinapotea, unabaki na hasira na mtu akikusalimu unaona amekukosea. Kuna hadithi iliyopokewa kutoka kwa Ummu Salama inayokataza kinacholevya na kinacholegeza mwili. Maulamaa wametofautiana kuhusu nguvu ya hadithi hiyo na maana yake. Mimi sina elimu ya kuamua kati yao. Najua tu nilivyokuwa saa nne asubuhi.

Nafsi. Hapa ndipo ninapotaka unisikilize. Mmoja wetu kati ya wale watano hajawahi kuonja bia maishani. Mtoto wa watu, anajua Yasin kwa moyo. Lakini jaba ilimnyima usingizi mpaka akaanza kumeza tembe za kulalia, alizouziwa bila karatasi ya daktari. Ya kuamsha jioni, ya kulaza alfajiri. Siku moja hatukuweza kumwamsha. Tulimbeba kwa bodaboda, mmoja mbele mmoja nyuma, yeye katikati kichwa kikining'inia. Alipona, alhamdulillahi. Mpaka leo akiulizwa atakwambia hajawahi kutumia haramu.

Kizazi sijafikia. Sina mke wala mtoto, na kwa hali niliyokuwa nayo hiyo ilikuwa bahati ya huyo mtoto.

Sasa, usinielewe vibaya. Sisemi tupige kelele dhidi ya mkulima wa Igembe au Mbeere. Yule anasomesha watoto kwa jani hilo, na kwa sheria ya Kenya ni mmea halali. Mnakumbuka Mei 2024, Gavana Abdulswamad Nassir alipopiga marufuku muguka Mombasa, Kilifi na Taita Taveta wakafuata. Viongozi wa Embu wakaenda Ikulu, Rais akasema marufuku hiyo haina nguvu, mahakama nayo ikaisimamisha. Base yetu ilishangilia siku hiyo kama tumefunga bao. "Si mnaona? Hata Rais amesema ni halali!"

Hapo ndipo tunapojidanganya. Halali ya Serikali na halali ya dini ni vitabu viwili. Bia ni halali kwa Serikali, ina leseni na inalipa ushuru. Shisha nayo ilipigwa marufuku na Wizara ya Afya Desemba 2017, na bado unajua mahali utaipata Kilimani na Westlands usiku wa leo. Kama Serikali ndiyo ingekuwa kipimo chako, ungeiacha shisha na kushika Tusker. Hufanyi hivyo. Unachagua kitabu kulingana na unachotaka kutumia.

Na tumejipangia orodha yetu wenyewe, isiyotoka kwenye fiqhi wala hospitali. Kijana wa Kiislamu akionekana na chupa ya bia, mama ataambiwa kabla hajafika nyumbani. Akionekana na shavu limevimba, anasalimiwa "Assalamu alaikum" na kuulizwa kama imebaki kidogo. Akiwa kwenye shisha anaambiwa afadhali hiyo, si pombe, ilhali saa moja ya shisha inaweza kukupa moshi mara mia moja au zaidi ya ule wa sigara moja. Na siku hizi vijana wa Kilimani na Lavington hawavuti hata. Wanaweka kifuko cha nikotini ndani ya mdomo, hakuna moshi, hakuna harufu, na kwa sababu hakina jina la Kiarabu kwenye vitabu vya zamani, basi wanaona hakina hukumu.

Wazee wetu nao nina neno nao, kwa heshima. Mkisimama mimbari na kusema kila kitu ni haramu kwa sauti moja, jaba, bangi, heroini, muziki, tunaacha kusikia. Mtu anayetafuna anawasikia, anamkumbuka yule mzee anayetafuna kila Alhamisi kwenye baraza na bado anaongoza dua, na anaamua ninyi hamna ukweli. Tuambieni mjadala ulivyo. Tuambieni makuruhu ni nini na haramu ni nini, na kwa nini wakubwa walitofautiana. Vijana wa town si watoto, tutaelewa. Na ukimpata mwanao anatafuna, kabla ya kumtajia moto, muulize analala saa ngapi.

Na wewe usiye Muislamu uliyesoma mpaka hapa, kipimo ni chako pia. Ondoa neno haramu, weka neno lolote unalotumia. Utafiti wa NACADA wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba Mkenya mmoja kati ya sita, wa miaka 15 hadi 65, anatumia angalau kileo au dawa moja. Hebu hesabu walio kwenye matatu uliyopanda leo.

Mimi sasa nina miezi saba. Siyo hadithi ya ushindi. Wiki mbili za kwanza nililala kama maiti na kugombana na kila mtu. Ramadhani iliyopita nilipita pale nyuma ya kibanda baada ya Tarawehe, nikasimama, nikasalimia, Bro akanisogezea kiti. Nilikaa dakika kumi nikinywa chai. Hakunibembeleza na mimi sikumhubiria. Nilipoondoka nilisikia kijana mgeni, wa miaka kama kumi na minane hivi, akiuliza lile swali letu la zamani.

Kwa hivyo kama unalo swali hilo, usilitupe. Mpelekee sheikh unayemwamini, mwenye elimu, na umweleze yote: kiasi gani, mara ngapi, pamoja na nini, unaswali saa ngapi, pesa inatoka wapi. Ukimpelekea jina la jani peke yake, atakujibu kuhusu jani. Na kama umefika mahali ambapo kuacha kumekushinda, nambari ya NACADA ni 1192, haina malipo, na hawaulizi dini yako.

Lakini kabla ya hayo yote, fanya kitu kimoja leo usiku. Itisha taarifa yako ya M-Pesa ya miezi sita, ukae peke yako uisome. Mimi ndiyo iliyoniamsha. Kulikuwa na siku moja mwezi wa Shabani: saa tano asubuhi mama yangu amenitumia 1,500 za chakula, na saa kumi na moja jioni nimemtumia muuza jaba 400. Mistari miwili, karatasi moja. Sheikh hakuwepo wala sikumhitaji.